Gray, Mtu Aliyegeuka Kipimo

Majuzi dada yangu mkubwa alinijia nyumbani akiwa amekumbatia bahasha ya picha za eksirei za matiti yake. Matokeo yalikuwa mema, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Hata hivyo alikuwa na mambo mawili yaliyomkera. La kwanza, jirani yake alikuwa amemweleza kwamba mashine ile ndiyo iletayo saratani inayodaiwa kuitafuta. La pili, pembeni mwa picha moja palikuwa na tarakimu na herufi tatu: 1.4 mGy. Alipouliza maana yake hospitalini, aliambiwa tu kwamba mionzi ilikuwa kidogo. Basi akataka nimweleze mimi, maadamu watu huniita daktari. Nilimkumbusha kuwa udaktari wangu ni wa isimu, nao haujapata kumponya mtu hata mafua. Akanijibu kuwa herufi ni herufi, na kama sizijui hizo tatu, basi karo niliyolipiwa ilipotea bure.

Ukweli ni kwamba alinishika pabaya. Neno kidogo si kipimo; ni maoni ya msemaji. Kidogo kuliko nini? Muuza sukari dukani hathubutu kumwambia mnunuzi kwamba amempimia kidogo kisha akadai pesa. Lakini mwanamke anayevua nguo mbele ya mashine huambiwa kidogo, naye hutakiwa kuridhika. Zile herufi tatu ziliwekwa pale makusudi ili neno hilo lisitumike ovyo. Ya kwanza ni ya mili, yaani sehemu moja ya elfu. Mbili zilizosalia ni jina la mtu, Louis Harold Gray, Mwingereza aliyefariki mwaka 1965, ambaye jina lake hutajwa kila siku katika kila hospitali yenye mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, aghalabu na watu wasiojua kwamba alipata kuishi.

Gray alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1905, mtoto wa pekee wa wazazi wasiokuwa na mali. Jamaa na marafiki walimwita Hal. Akili yake ya hesabu ilimpatia ufadhili wa kusoma katika shule ya Christ's Hospital iliyoko Horsham. Nawaomba radhi wasomaji kwa kusimama hapa kidogo: hiyo ni shule wala si hospitali. Neno hilo zamani katika lugha za Ulaya lilikuwa na maana ya nyumba ya kuwahifadhi wahitaji, na shule hiyo ilianzishwa mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini. Maana ya tiba ilikuja kulitawala neno baadaye. Kutoka hapo alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, mwaka 1924, akafuzu vizuri na kupokelewa katika Maabara ya Cavendish.

Haikuwapo maabara nyingine ya fizikia duniani iliyosifika kuliko hiyo katika miaka ile. Mkuu wake alikuwa Ernest Rutherford, aliyegundua kiini cha atomu. James Chadwick alikuwa humo humo, na mwaka 1932 akagundua nyutroni. Kijana Gray alikuwa akichunguza jinsi mionzi mikali ya gama inavyopungua nguvu inapopenya metali nzito. Yeye na mwenzake Tarrant waliona mionzi mingine ikitoka katika metali ile, wasijue chanzo chake. Baadaye ilibainika kuwa walikuwa wakiitazama dalili ya positroni, chembe ambayo wengine walitunukiwa kwa kuigundua. Sijui ni wangapi wetu tungeweza kumeza jambo hilo bila kinyongo.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na tatizo lililomshughulisha maisha yake yote, nalo ni hili: mionzi ikishapita katika kitu, imeacha nini ndani yake?

Hebu tulitazame tatizo lenyewe, kwa kuwa ndilo kiini cha habari hii. Mionzi ya eksirei haionekani, hainuki, wala haimchomi mtu papo hapo. Wilhelm Röntgen alipoigundua mwaka 1895 aliipa herufi X, ambayo katika hesabu huwakilisha kisichojulikana. Sisi tulichukua sauti yake tu tukapata eksirei, na ile maana ya kutojulikana ikapotea njiani. Wako waliopendekeza neno uyoka, nami nalipenda, lakini sijamsikia muuguzi yeyote akilitumia. Mionzi hiyo hudhuru kwa kung'oa elektroni katika atomu za mwili na kuvuruga kemikali za chembe hai. Kawi inayofanya uharibifu huo ni ndogo ajabu. Dozi ya gray 4 ikipokewa na mwili mzima kwa mara moja yaweza kuwaua takriban nusu ya watu wasiopata matibabu. Hata hivyo, dozi hiyo hiyo haiwezi kupandisha joto la mwili hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Kijiko kimoja cha chai ya moto humtia mtu joto zaidi. Kwa hivyo kipimajoto hakifai kitu.

Wataalamu wa wakati huo walikuwa na njia yao. Mkutano wao wa Stockholm wa mwaka 1928 ulikubali kizio kilichoitwa roentgen, ambacho kilihesabu chaji ya umeme inayozalishwa na mionzi katika hewa. Njia hiyo ilikuwa nzuri, na ilileta utaratibu pale ambapo awali madaktari walikisia dozi kwa kutazama wekundu wa ngozi ya mgonjwa. Lakini mtu si hewa. Mfupa, shahamu na misuli haviipokei mionzi kwa kiasi kimoja, na hakuna kati ya hivyo kinachoipokea sawasawa na hewa. Roentgen ilieleza mashine imetoa nini. Haikueleza mwili umepokea nini. Ni sawa na kuhesabu mvua kwa kutazama mawingu, na mkulima anachotaka kujua ni maji yaliyoingia shambani.

Gray alilitatua jambo hilo kwa wazo ambalo, likishaelezwa, huonekana jepesi. Chukua kitu kigumu, ukiache na uwazi mdogo sana ndani yake, na katika uwazi huo utie gesi. Ikiwa uwazi ni mdogo kiasi cha kutovuruga elektroni zinazopita, basi elektroni zilizomo ndani ya gesi ni zile zile zitokazo katika kitu kigumu. Umeme unaozalishwa katika gesi waweza kupimwa kwa urahisi. Ili kuzalisha jozi moja ya chembe zenye chaji katika hewa huhitajika kawi ya elektronivolti 34 hivi, na kutoka hapo ni hesabu tu hadi kwenye kawi iliyobaki katika kitu kigumu chenyewe. Aliieleza nadharia hiyo mwaka 1929 na kuikamilisha mwaka 1936. Kwa sababu William Henry Bragg alikuwa ameligusia wazo hilo mapema zaidi, hadi leo huitwa nadharia ya Bragg na Gray.

Mwaka 1932 alimwoa Frieda Picot, aliyejulikana kwa jina la Freye, mwanafunzi wa theolojia pale Cambridge ambaye alikuwa kipofu tangu utotoni. Mwaka uliofuata akafanya jambo lililowashangaza wengi. Akiwa tayari ni mmoja wa wasomi wateule wa Trinity, nafasi ambayo watu huipigania, aliiacha Cavendish akaenda kuwa mwanafizikia wa Hospitali ya Mount Vernon huko Northwood, pembezoni mwa London. Miaka ile mwanafizikia hospitalini alionekana kama fundi wa mitambo tu. Sisi tulio katika vyuo vikuu twajua vyema jinsi inavyowawia vigumu wenzetu kutoka katika kumbi za wakubwa kwenda kufanya kazi mahali ambapo mgonjwa yuko mlango wa pili.

Pale Mount Vernon yeye na John Read walijijengea mtambo wa kutoa nyutroni ndani ya kibanda, kwa fedha chache, kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Walitaka kujua kama nyutroni huua chembe hai kwa namna tofauti na eksirei. Ili kulinganisha aina mbili za mionzi lazima kuwe na mizani moja, na roentgen haikuwa na maana yoyote kwa nyutroni. Kwa hivyo mwaka 1940 Gray na wenzake walipendekeza dozi ihesabiwe kwa kawi iliyomezwa na tishu yenyewe, bila kujali mionzi imetoka wapi. Vipimo vyao vya kibayolojia havikuwa vya fahari. Walitumia mizizi ya jamii ya maharagwe yenye punje pana, wakiimulika kisha wakipima kwa rula imekua kiasi gani.

Mwaka 1946 alihamia Hospitali ya Hammersmith, katika kitengo cha utafiti wa tiba ya mionzi. Huko kazi ilistawi lakini maelewano yakakosekana. Pakazuka mvutano juu ya iwapo kitengo kijikite katika tiba au katika utafiti wa kuelewa mionzi huitendeje chembe hai, na mwaka 1953 Gray akalazimika kuondoka. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo ndipo yeye na wenzake walipochapisha makala inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote alizoandika. Walionyesha kwamba chembe za saratani zilizokosa oksijeni hustahimili mionzi mara mbili au tatu zaidi ya zile zinazoipata. Miaka miwili baadaye, pamoja na Thomlinson, alieleza kwamba katika uvimbe wa saratani ya mapafu chembe zilizo mbali na mshipa wa damu, umbali usiofika hata robo ya milimita, hufa kwa kukosa oksijeni, na zilizo mpakani hubaki hai lakini zikiwa sugu. Mtu aliyeachishwa kazi alirudi Mount Vernon na kuanzisha maabara mpya, ambayo baadaye ilikuja kuitwa kwa jina lake.

Mwaka huo huo wa 1953 ulileta jambo jingine, na hili ndilo linaloturudisha kwenye bahasha ya dada yangu. Tume ya Kimataifa ya Vizio vya Mionzi, ambayo Gray alikuja kuwa mmoja wa viongozi wake, ilikubali hatimaye kwamba dozi ihesabiwe kwa kawi iliyobaki katika kila gramu ya kitu kilichomulikwa. Kizio kiliitwa rad. Wazo alilokuwa akilitetea kwa miaka mingi lilikuwa limeshinda. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza mwaka 1961, akafariki tarehe 9 Julai 1965 akiwa na umri wa miaka 59. Miaka kumi baadaye, mwaka 1975, Mkutano Mkuu wa Vipimo ulipokutana Ufaransa ulilipa jina la gray kizio kipya: jouli moja ya kawi katika kilo moja ya kitu. Gray moja ni sawa na rad mia moja. Mwenyewe hakupata kulisikia jina lake likitumiwa hivyo.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili si la wanafizikia peke yao.

Mwaka ule ule aliofariki Gray, daktari mmoja wa Kanada, Ian MacKenzie, alichapisha habari za wanawake wa Nova Scotia waliokuwa wametibiwa kifua kikuu. Matibabu ya siku hizo yaliwalazimu kusimama mbele ya mashine ya eksirei mara nyingi, baadhi yao zaidi ya mara mia, ili mapafu yachunguzwe. Wanawake hao walipatwa na saratani ya matiti kuliko ilivyotarajiwa. Habari kama hizo zilitoka pia kwa walionusurika mabomu ya atomu ya Japani. Tezi za titi ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazodhurika kwa urahisi na mionzi, hasa kwa wasichana na wanawake wachanga. Kwa hiyo yule jirani wa dada yangu hakuzua hadithi yake yote. Alichokosa ni kipimo.

Wakati huo huo uchunguzi wa matiti kwa eksirei ulikuwa ukienea. Robert Egan wa Houston, Marekani, alieleza mbinu yake mwaka 1960, na mwaka 1963 utafiti mkubwa wa kwanza ulianza New York ukiwahusisha wanawake wapatao 62,000. Ulionyesha kwamba uchunguzi huo huokoa maisha. Mwaka 1973 Marekani ikaanzisha mpango wa kitaifa. Kisha mwaka 1976 John Bailar akauliza swali lililowachukiza wengi: je, kwa wanawake wa umri mdogo, mionzi hiyo haiwezi kuleta saratani karibu sawa na zile inazozigundua? Mashine za wakati huo ziliweza kuipa ngozi ya titi rad kadhaa kwa uchunguzi mmoja, yaani makumi ya miligray. Kulikuwa na kelele nyingi magazetini na wanawake wengi wakaogopa. Nadhani Bailar alifanya vyema kuuliza. Matokeo yake ni kwamba mpango ule uliwekewa mipaka ya umri, na watengenezaji wakashughulika kupunguza dozi.

Lakini ugomvi ule ulifichua pia kwamba watu walikuwa wakitaja rad bila kusema ni za wapi. Eksirei inayotumiwa kwa matiti huwa hafifu kwa makusudi, ili itofautishe shahamu na tezi. Kwa sababu hiyo humezwa kwa wingi karibu na ngozi na kupungua upesi kadiri inavyozama. Dozi ya ngozi yaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya katikati ya titi. Saratani, hata hivyo, huanzia katika tezi. Basi wataalamu walikubaliana kwamba kinachofaa kuandikwa ni wastani wa dozi iliyopokewa na tezi. Lilikuwa lile lile swali la Gray likiulizwa upya, safari hii ndani ya kiungo kimoja.

Hakuna awezaye kutia kifaa ndani ya titi la mtu hai. Kinachofanywa ni kupima kwanza, kwa chemba ndogo yenye hewa, mionzi inayofika juu ya titi. Kisha tarakimu hiyo huzidishwa kwa vigawo vilivyokokotolewa kwa kompyuta kulingana na unene wa titi, kiasi cha tezi na ukali wa mionzi. Mashine yenyewe hukaguliwa kwa kipande cha plastiki kinachosimama badala ya titi lililobanwa hadi unene wa sentimita 4.2. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha miligray 3 kwa kila picha ya kipande hicho. Mashine nyingi za kisasa hutoa kati ya 1 na 2. Lile bano ambalo wanawake hulilalamikia, na wana haki ya kulilalamikia, ndilo linalopunguza dozi, kwa kuwa nyama ikiwa nyembamba mionzi michache hutosha.

Picha hupigwa mbili kwa kila titi. Nilipomwambia dada hivyo, haraka akazidisha 1.4 kwa nne akapata 5.6, akashtuka. Hapo nilimzuia. Gray ni kawi iliyogawanywa kwa uzito wa nyama iliyoipokea. Matiti mawili yakipokea miligray 2.8 kila moja, dozi ni 2.8, kama vile vikombe viwili vya chai yenye kijiko kimoja kimoja cha sukari havifanyi chai kuwa na utamu maradufu. Ikilinganishwa kwa madhara ya mwili mzima, uchunguzi huo ni kama mionzi ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa majuma machache tu. Hiyo haina maana kwamba ni sufuri. Wataalamu hawajatangaza kiwango ambacho chini yake hatari hutoweka kabisa, na ndiyo sababu mashine hii haielekezwi ovyo kwa msichana wa miaka 20 asiyekuwa na dalili. Kwa mwanamke wa umri wa dada yangu, aliyepita 50, faida inaizidi hasara kwa mbali, na nilimwambia hivyo bila kusita.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya kuliko saratani nyingine yoyote, na wengi wao hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakua. Hofu ya mionzi ikiongezwa juu ya umbali na gharama, mwanamke atabaki nyumbani. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kudhibiti nyuklia na mionzi nchini, ikachukua nafasi ya bodi iliyokuwapo, na ukaguzi wa mashine hizi ni kazi yake. Hilo ni jema. Langu mimi ni dogo zaidi, nalo ni la lugha: anayepigwa picha aambiwe tarakimu yake, kwa Kiswahili, na aelezwe ni ya nini. Maneno yapo. Dozi, tezi, wastani, kawi. Hakuna hata moja linalomshinda mtu aliyesoma darasa la nane, na asiyesoma ataelezwa kwa vijiko vya sukari.

Dada alinitaka nimwandikie mambo hayo nyuma ya kadi yake ya kliniki. Niliandika tarehe, picha nne, miligray 1.4 kila picha, na chini yake jina Gray kwa ukamilifu. Aliisoma, akaitia kadi ndani ya bahasha, kisha akataka kujua ikiwa safari ijayo atakuta mashine ile ile au wameleta nyingine.